Aliyekuwa Katika Kila Kikapu

Uzi wa mwisho wa nukta ile ulikatika asubuhi, Dokta Subilaga Mwambene akiwa bado hajamaliza chai yake.

Ukuta mzima wa ofisi yake ulikuwa mji wa Mbeya. Kila mtu nukta ya mwanga, na kati ya nukta na nukta nyuzi: nene kwa wanaosikilizana, nyembamba kwa wanaosalimiana tu na kupitana. Nyuzi hizo zilitoka kwenye vikuku. Kila mtu mjini alivaa kikuku mkononi; hicho ndicho simu, ndicho pochi, ndicho cheti cha hospitali, na hicho kilijua umekaa karibu na nani, umempigia nani, na umebadili mawazo baada ya kuonana na nani. Subilaga ndiye aliyeubuni ukuta huo, akautazama miaka na miaka mpaka macho yakaanza kumgomea. Alikuwa amechoka. Na si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ulikuwa ule wa mtu asiyetaka hata kuambiwa pole na kazi.

Sasa, mtu kukosa uzi hata mmoja si jambo dogo. Mfungwa anazo nyuzi, za askari wake na za mwenzake wa selo. Kichaa wa sokoni anazo, maana mama lishe wanamjua na wanamwekea ukoko. Hata yule jirani mkorofi asiyepatana na mtu anazo, tena nene, kwa kuwa kila siku anagombana na mtu. Nukta hii haikuwa na kitu. Ilikuwa pembeni, upande wa Itezi Juu, inawaka peke yake.

Akaigusa. Jina likaja: Tumpale Mwakibete, anayeitwa Mama Lusekelo. Uzi uliokatika ulikuwa wa mumewe. Kikuku cha mume kiliacha kuhesabu mapigo ya moyo alfajiri, na baadaye mfumo ukaufuta uzi, kama ulivyofundishwa kufanya kwa marehemu wote. Chini ya jina palikuwa na neno moja la rangi ya kijivu: Alitulizwa. Na chini ya neno hilo kibali, na kibali kilikuwa cha Subilaga mwenyewe.

"Mungu wangu," alisema, akaisukuma chai pembeni.

Tulizo lilikuwa wazo lake, na lilikuwa wazo zuri, hilo hata wasiompenda watakubali. Mwaka ule wa homa ya madoa watoto walikuwa wanakufa na chanjo ipo, imejaa kwenye majokofu, watu hawaitaki. Uvumi ulitembea mbio kuliko homa yenyewe. Wakubwa walitaka kukamata watu. Subilaga akasema hapana, msimkamate mtu. Tafuteni kitovu, yule ambaye watu wakishaonana naye wanabadilika, mkitulize. Yaani nini? Yaani ujumbe wake uchelewe kidogo. Simu yake iite upande mmoja tu. Habari zimfikie kesho badala ya leo. Hakuna kipigo, hakuna selo, na mwenyewe hata hajui. Wiki sita, kisha unamfungua, nyuzi zinaota zenyewe. Vitovu vikatulizwa, uvumi ukalegea, watoto wakachanjwa. Watu walisimama wakampigia makofi.

Ila za huyu hazikuota. Subilaga akaurudisha ukuta nyuma hadi mwaka wa homa, aone ni kitu gani kilimfanya mama huyu aitwe kitovu. Akaona nukta mia mbili zinakusanyika mahali pamoja, mahali padogo kuliko meza yake, zinakaa hapo mchana kutwa, kisha zinatawanyika, na wenye nukta hizo wanaanza kukataa chanjo. Wiki inayofuata, hivyo hivyo, mtaa mwingine. Watu walikuwa tofauti kila mara, lakini nukta moja haikukosekana mahali popote. Mfumo ukajumlisha ukasema: huyo ndiye.

Mahali padogo kuliko meza. Watu mia mbili wanakaaje hapo?

"Kikapu," akasema kwa sauti, akajishika kichwa. "Ni kikapu, jamani!"

Watu wa huku hawaingii msibani na kikuku. Unakivua mlangoni, unakitia kwenye kikapu cha wafiwa, unaingia mikono mitupu, maana ni aibu mtu akulilie begani huku mkono wako unawaka taa. Subilaga mwenyewe, mtoto wa Tukuyu, alikuwa amevua chake kwenye vikapu hivyo tangu vikuku vilipoanza kuvaliwa. Ukuta haukuwahi kusikia hata neno moja la msibani. Uliona vikapu tu. Maneno ya kuikataa chanjo yalisemwa huko ndani, na mtu yeyote, na kila mtu, huku wanamenya ndizi. Kosa la Mama Lusekelo lilikuwa moja: hakosi msiba.

Mkurugenzi Gwamaka Mwasenga alimkuta bado ameshika kichwa. Aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na ukubwa wote aliopewa haukumfanya aache kumwita mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo uone tulichofanya."

Alikuwa mwepesi wa kuelewa, ndiyo maana alipanda vyeo upesi. Aliutazama ukuta, akavitazama vikapu, akakaa.

"Tulimfungua lini?"

"Zamani. Zaidi ya mwaka."

"Sasa mbona nyuzi hazikuota?"

"Kwa sababu wiki zile sita habari za misiba zilikuwa zinamfikia matanga yameshaanuliwa. Wewe ni wa Rungwe, Gwamaka, niambie. Mtu asipoonekana msibani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, wala hatoi neno, anafanywaje?"

"Wanamtoa kwenye kuzikana," alisema Gwamaka.

"Wanamtoa. Sisi tuliufunga mlango wiki sita, wenyewe wakaupigilia misumari. Leo mumewe amefariki na hakuna wa kuchimba kaburi. Kesho adhuhuri mtambo wa maziko utakuja umchukue, akazikwe na wale wasio na ndugu."

Hapo Gwamaka alikunja uso kwa kweli. Kuzikwa na mtambo ni jambo ambalo hata adui humwombei. Lakini baada ya muda uso ulikunjuka, na Subilaga aliijua sura hiyo: ya kijana aliyepata jibu la mtihani.

"Mama, hili mbona tunalimaliza sasa hivi? Tuwachangamshe."

Changamsho ni Tulizo lililogeuzwa. Gwamaka alikwisha kusimama, anaonyesha kwa kidole: tunaanza na hawa watatu wanaosikilizwa pale mtaani, tunawaletea habari ya msiba kwenye vikuku mara tu wanapokuwa wamekaa na wenzao, tunawarudishia picha ya zamani ya huyo marehemu kanisani, au siku aliyowasaidia kusukuma gari. Wao wanaanza, wengine wanafuata. "Kesho asubuhi watu mia tatu wako pale wanalia, tena wanalia kweli. Kila mmoja ataamini ni moyo wake uliomtuma."

"Na mimi nitaamini nini?"

"Wewe utastaafu mwisho wa mwezi huu ukapumzike, mama yangu. Umechoka. Kila mtu anaona."

"Nataka kwenda kuwaambia ukweli."

Gwamaka aliinuka akafunga mlango. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini, na haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo.

"Homa imerudi Kyela. Jumatatu chanjo inaanza mitaani, Itezi Juu ikiwemo. Ukienda leo kuwaambia watu kwamba tulikuwa tunachezea urafiki wao, nani atatoa mkono wa mtoto wake Jumatatu? Mama mmoja upande huu, watoto upande ule. Wewe ndiye uliyetufundisha kupima hivyo."

"Nilikufundisha," Subilaga alikubali. Hakuwa na nguvu za kubishana, na zaidi ya hapo, alichosema kijana kilikuwa na maana.

Gwamaka aliweka changamsho tayari, akaliacha likisubiri kidole cha Subilaga, akaondoka. Subilaga alikaa mbele ya ukuta muda mrefu. Kubonyeza tu. Mama wa watu azike mumewe kwa heshima, watoto wachanjwe, Gwamaka alale, yeye astaafu. Hakuna ambaye angeumia. Alikinyanyua kidole, kidole kikakaa hewani, akakirudisha mapajani. Akajiambia kwamba kwanza ataenda kumwona mwenyewe, halafu ndipo ataamua. Akachukua koti.

*

Itezi Juu kulikuwa na manyunyu na baridi ile ya kuingia kwenye mifupa. Nyumba ya Mama Lusekelo ilikuwa ya mwisho kabla ya mashamba, na uwanja wake ulikuwa umefagiwa vizuri, mistari ya ufagio bado inaonekana kwenye udongo mbichi. Haikuharibiwa na unyayo hata mmoja. Mikeka mitatu imetandikwa barazani. Jikoni, chini ya bati, sufuria ya kulishia watu hamsini ilikuwa inachemsha maji matupu. Na mlangoni, juu ya kigoda, kikapu.

Subilaga alivua kikuku chake akakitia. Kikatoa mlio wa kitu kinachoangukia penye uwazi.

"Hodi hapa."

Mama Lusekelo akatokea amejifunga kanga kiunoni, mikono imelowa. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Subilaga alivyomfikiria.

"Wewe ni wa mtambo? Nimewaambia wenzako wasubiri hiyo kesho adhuhuri."

"Hapana. Nimekuja msibani."

Mama Lusekelo alimtazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Tunajuana?"

"Nakufahamu kidogo. Wewe hunifahamu."

"Haya, karibu. Wewe ndiye wa kwanza."

Alimwonyesha marehemu, amelazwa ndani, amefunikwa vizuri, amenyolewa ndevu. Alimnyoa peke yake, alisema, akamgeuza peke yake, na alikuwa mzito. Kisha wakatoka wakaenda jikoni. Subilaga alishindwa kukaa kimya, akashindwa kuongea, basi akachukua kisu na mkungu wa ndizi uliokuwa pale, akaanza kumenya. Angalau hilo mikono yake ilikuwa haijalisahau.

"Nimewapigia wote," Mama Lusekelo alisema. "Siku hizi simu yangu inaita vizuri. Kuna kipindi ilikuwa mbovu, napiga naona imekata, natuma salamu zinalala. Nikaipeleka kwa fundi, akasema nzima. Sasa inaita, hawapokei wao."

"Tangu lini hawapokei?"

"Tangu nimkosee Mama Ipyana. Alifiwa na mama yake mzazi, mimi nimepata habari wanaanua matanga. Nikakata mkungu wangu mzuri, nikaenda nao nikiwa natetemeka. Nikamwambia mwenzangu, sikujua. Akasema, weka hapo chini. Akaingia ndani." Akazisogeza kuni. "Siku ya nne nikapita pale, ndizi zimeoza palepale nilipoziweka."

Subilaga aliendelea kumenya.

"Nikadhani nimerogwa. Nikaenda kwa mchungaji, akaniombea, wapi. Lusekelo wangu alifariki mdogo, kwa hiyo nyumba hii tulikuwa wawili tu. Baba Lusekelo akaniambia, mke wangu acha kujitesa, tupo mimi na wewe tunatosha. Mwongo mkubwa yule. Ameniacha." Ndipo alipolia, kwa sauti ndogo, akiwa amesimama, mwiko mkononi.

Ulimi wa Subilaga ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Ningekuwa mimi ningesema pale pale, lakini kusema hivyo ni rahisi kwa asiyekuwepo. Yeye alimalizia ndizi aliyoishika, akaiweka kwenye maji, akasimama.

"Nitarudi, Mama Lusekelo."

"Ndaga, asante mwenzangu," alijibu, akajifuta uso. "Wote walisema watarudi." Hakulisema kwa ubaya.

Kikuku kilimlilia mara tu alipokivaa. Ni Gwamaka.

"Mama, mbona hujabonyeza? Muda unakwenda. Na Kyela amefariki mtoto wa kwanza, nimeambiwa sasa hivi. Wa miaka miwili."

Subilaga alisimama njiani kwenye manyunyu. Alimwona mtoto huyo, ingawa hakuwahi kumwona, kwa kuwa mwaka ule wa homa aliwaona wa kutosha. Akafikiria changamsho kule ofisini, linasubiri. Angeweza kulibonyeza kwa kikuku hapo hapo. Halafu akafikiria Mama Ipyana akiamka kesho na uchungu moyoni, anadhani ni wa kwake, anabeba sufuria anakwenda, na Mama Lusekelo anamkumbatia, na yeye Subilaga amesimama pembeni anawatazama wote wawili.

"Nimechoka kusukuma watu, Gwamaka," alisema. "Hata kwa wema."

"Ukiwaambia nitakufungia mfumo. Sina namna, mama. Nisamehe."

"Nifungie, baba. Ni kazi yako."

*

Mama Ipyana alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha misiba cha mtaa, mwanamke mpana, fundi cherehani, mwenye sauti ya kuitia watu mlima wa pili. Sufuria kubwa za kikundi zilikuwa zimepangwa nyuma ya nyumba yake. Wanawake wanne walikuwa pale ukumbini wanachambua maharage, na mtoto wa mmojawapo anachezea vifungo. Alijitambulisha kuwa ni Dokta, wakamkaribisha vizuri, wakamletea kiti, wakauliza habari za huko mjini.

"Nimetoka kwa Mama Lusekelo," alisema. "Amefiwa na mumewe."

Mikono ikaendelea na maharage.

"Tumesikia," akasema Mama Ipyana. "Mungu amlaze pema. Ila yule mama hazikani na watu, Dokta. Tulimwona ametuona hatufai. Mama yangu mzazi! Amekaa nyumba ya tano kutoka hapa, asije?"

"Hakujua."

"Ndivyo alivyosema."

"Alisema kweli. Habari haikumfikia, kwa sababu mimi niliizuia."

Akawaeleza. Aliwaeleza taratibu, bila maneno makubwa: ukuta, nyuzi, vikapu, wiki sita, simu iliyokuwa ikiita upande mmoja. Alisema jina lake kamili na la taasisi yake. Hakusema alikuwa ametumwa, hakusema ilikuwa kwa ajili ya watoto, ingawa maneno hayo yalimjaa mdomoni yanataka kutoka. Alipomaliza, mama mwenye mtoto alikuwa amemnyanyua mwanawe amempakata.

"Kwa hiyo mlikuwa mnatuchezea," alisema mama huyo.

"Ndiyo."

"Na chanjo mnayoleta Jumatatu?"

"Chanjo ni ya kweli. Nitukaneni mimi, nipelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa, lakini watoto wapelekeni wakachanjwe. Nawaomba sana."

"Tutajuaje kama hilo nalo si lile lile?"

Subilaga alikuwa na namba, alikuwa na michoro, alikuwa na maisha mazima ya kazi. Hakuna hata kimoja kilichofaa kumpa mwanamke huyu. Mama yule akavaa kandambili zake akatoka na mwanawe begani, bila kuaga. Subilaga alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona, na akajua kwamba Jumatatu atakuwa anamtafuta mtoto yule kwenye foleni.

"Toka kwangu," Mama Ipyana alisema.

Alisema akiwa amekaa, wala hakupandisha sauti. Subilaga akasimama. Amefika mlangoni ndipo Mama Ipyana akaongea tena, na safari hii hakuwa anaongea naye hasa.

"Nyumba ya tano. Simu mbovu, sawa. Dokta mchawi, sawa. Miguu je? Miguu yetu nani aliituliza?" Aliutupa ungo wa maharage pembeni, yakamwagika. "Alikuja na ndizi zake hapa, anatetemeka, akasema mwenzangu sikujua. Nikamwambia weka chini. Ziliozea pale! Niliziona zinaoza kila siku nikitoka kwenda chooni, nikasema acha zioze, akome."

Mama mmoja alianza kuokota maharage.

"Acha hayo maharage, wewe," Mama Ipyana akamwambia. "Nenda kwa mumeo, mwambie atafute jembe na sururu. Na wewe, Dokta. Sisi hatukubebei maneno yako. Yule utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kaburi likishafukiwa."

*

Hawakuja wengi. Hilo lisemwe wazi, asije mtu akafikiri mtaa mzima uliteremka kwa machozi. Wengine walisikia habari ya Dokta na ukuta wake wakafunga milango, wakasema ni mtego mwingine. Lakini walikuja wanaume wa kutosha kupokezana sururu, na wanawake wa kutosha kuivisha ile sufuria. Mama Ipyana alifika asubuhi na mapema na mkungu kichwani. Aliuweka miguuni mwa Mama Lusekelo, akapiga magoti kwenye udongo mbichi, na wote wawili wakalia. Ule mtambo wa maziko ulikuja kabla ya adhuhuri, ukakuta watu wanatoka makaburini, ukageuza.

Subilaga alikuwa nyuma kabisa, na hakuna aliyekaa karibu naye. Kikuku kilikuwa kimemwambia tangu jana kwamba hana tena ruhusa ya kuuona ukuta. Alitegemea moyo utamuuma. Badala yake alihisi mabega yameshuka kidogo tu, basi.

Baada ya chakula aliingia ndani. Mama Lusekelo alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyosha, uso umechoka lakini una nuru ambayo jana haikuwepo. Alimtambua.

"Ulirudi kweli! Njoo. Umewaona? Umewaona wenzangu? Hawajanisahau."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Subilaga alitamani kugeuka. Mwanamke huyu alikuwa amefurahi, siku ya kumzika mumewe, na yeye ndiye aliyetumwa kuja kuivunja furaha hiyo. Akachuchumaa mbele yake, akamwambia yote. Akamwambia kwamba hakuwa na kosa lolote, kwamba hakurogwa, kwamba mashine ilimwona kila mahali pa msiba ikadhani yeye ndiye anayewageuza watu, wakati alikuwa anaosha vyombo. Akamwambia ni yeye aliyetoa kibali.

Mama Lusekelo alisikiliza bila kumkatiza. Nuru ilimtoka usoni kidogo kidogo.

"Kwa hiyo wewe unaweza kumfanya mtu asije kwangu."

"Nilikuwa naweza."

"Na kumfanya aje?"

"Nalo nilikuwa naweza. Leo sikufanya. Nakuapia Mungu, hawa wamekuja kwa miguu yao."

"Nitajuaje?"

Nje wanawake walikuwa wanaosha sufuria, wanaongea kwa sauti za chini, na sauti ya Mama Ipyana ilikuwa juu ya zote, inauliza chumvi iko wapi. Mama Lusekelo aligeuza shingo akazisikiliza sauti hizo moja moja.

"Ungeniacha niamini wananichukia," Mama Lusekelo alisema. "Nilikuwa nimeanza kuzoea. Sasa mtu akinijia na chumvi nitakuwa namtazama machoni, najiuliza ni yeye au ni wewe. Mama Ipyana kanipigia magoti pale nje. Nimelia naye. Sasa hata kilio kile umenichukulia."

"Nisamehe, dada yangu."

"Usiniombe hicho leo."

Subilaga akaitikia kwa kichwa, akajiinua. Alikuwa amefika mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nakupisha."

Mama Lusekelo alikuwa anatazama mkeka. Akasogea kwa makalio mpaka ukutani, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kando yake.

"Wale wote walioko nje nitawaonea shaka mpaka nife," alisema. "Wewe tu ndiye ninayejua hukutumwa na mashine. Hakuna mashine ingekutuma uje kuniambia hayo." Akaipiga ile nafasi kwa kiganja, kwa hasira. "Kaa."

Subilaga akavua viatu, akakaa.